Usimtilie Dawa Kwenye Sahani Yake

"Dokta, hauna dawa ya kumutilia mu supu, asijue?"

Nimeulizwa swali hili huku kwetu Kivu na mama wa Nyabiondo, na mchungaji wa Mweso, na dada wa mchimbaji wa Ndjingala, hata na muganga wa kituo cha afya ambaye alipaswa kujua zaidi. Mara ni supu, mara ni chai, mara ni sombe, lakini swali ni lilelile. Nimelijibu kwa simu mara nyingi mno. Sasa nalijibu kwa maandishi, ili atakayenipigia kesho tuanzie mbele zaidi.

Jibu ni hapana. Dawa ya kumtilia mnywaji kwenye chakula ili aichukie pombe bila kujua haipo. Kinachouzwa kwa jina hilo ama hakifanyi kitu, ama ni sumu, ama ni dawa halisi ya hospitali ambayo ikitolewa kwa siri inaweza kumuua. Na asipokufa, hataacha pombe kwa sababu yake. Hili nitalieleza kwa kirefu, maana dawa hizo zimeshakula kuku, mbuzi na akiba za familia ambazo tayari zimepoteza nyumba.

Yule mama wa Nyabiondo alikuwa amepanda kilima kutafuta rezo. Upepo ulivuma kwenye simu kuliko sauti yake. Walikuwa wamekimbia kijiji chao na kulala chini ya shitingi kwenye uwanja wa shule, watu saba. Kijana wake alikuwa anaanza kunywa kanyanga, pombe kali ya kienyeji, alfajiri, kabla ya jua. Mama aliuza kuku wake wa mwisho akanunua unga uliofungwa kwenye plastiki, akaukoroga kwenye maharage jioni. Usiku kijana alipokunywa, uso ukamwaka kama aliyeinamia moto, akatapika, moyo ukamkimbia mpaka akaanguka mlangoni. Mama alikuwa ananipigia kuuliza kama hiyo ni dalili kwamba dawa imeshika, na kama aongeze.

Nilimwambia amkimbize kituo cha afya usiku uleule. Kijana alipona. Lakini asubuhi uwanja mzima ulikuwa unasema neno moja: karuho. Kila nyumba ya Kivu inalijua neno hilo la sumu ya polepole, na kila mtu anajua yanayofuata likishatamkwa. Walianza kumtafuta aliyempa kijana chakula mchana uliotangulia. Alikuwa jirani wa kabila lingine, mkimbizi kama wao, aliyewagawia viazi kwa huruma. Mama alinyamaza siku mbili kabla ya kusema ukweli. Katika Masisi ya leo, siku mbili za uvumi wa namna ile zinatosha kumwaga damu.

Sasa tuseme unga ule ulikuwa na nini. Sijui, na muuzaji naye hajui. Lakini dalili zile zinafanana na za dawa iitwayo disulfiramu, inayojulikana zaidi kwa majina ya Antabuse na Esperal. Ini likipokea pombe huigeuza kwanza kuwa asetaldehidi, ambayo ni sumu, kisha haraka huigeuza sumu hiyo kuwa kitu kisicho na madhara. Disulfiramu hufunga hatua ya pili. Sumu inajaa kwenye damu: uso unawaka, kichwa kinagonga, matapishi yanakuja, moyo unakwenda mbio, presha inashuka. Mwenye moyo dhaifu au ini lililochoka anaweza kufa hapo hapo.

Siri hii iligunduliwa kwa bahati. Mwaka 1937 daktari wa kiwanda kimoja Marekani aliona kwamba wafanyakazi walioshika kemikali za kutengenezea mpira hawawezi tena kunywa bia. Miaka kumi baadaye, Wadenmark wawili, Jens Hald na Erik Jacobsen, waliimeza disulfiramu wenyewe wakiijaribu kama dawa ya minyoo, wakaugua walipokunywa kilevi. Mwaka 1948 ikaingia hospitalini kama dawa ya ulevi. Kwa hiyo dawa ipo, ni halisi, na mimi mwenyewe siikatai pale inapofaa.

Ila angalia inavyofanya kazi. Mwaka 1986 madaktari wa hospitali za maveterani huko Marekani walichapisha utafiti wa wanaume 605. Kundi la kwanza lilipewa miligramu 250 za disulfiramu kila siku. Kundi la pili lilipewa miligramu 1, kiasi kisicho na nguvu yoyote, lakini nao waliambiwa wanatumia disulfiramu. Kundi la tatu liliambiwa wazi kwamba halipewi. Baada ya mwaka, idadi ya walioacha pombe kabisa haikutofautiana kwa maana kati ya makundi hayo. Waliofanikiwa, katika kundi lolote, walikuwa wale waliomeza kidonge chao siku kwa siku kama walivyokubaliana. Uchambuzi mwingine, uliokusanya majaribio mengi na kuchapishwa mwaka 2014, ulifikia hapo hapo: disulfiramu ilisaidia pale ambapo mgonjwa alijua anachomeza. Pale alipofichwa, haikushinda kidonge kitupu.

Soma tena sentensi hiyo, wewe unayetaka kukoroga unga kwenye supu. Kinachomzuia mtu kuinua kikombe ni kujua kitakachompata. Anameza asubuhi mbele ya mke au dada yake, na kwa kumeza anakuwa ameamua kwa ajili ya siku nzima. Ukimficha, umeiondoa nguvu yote ya dawa na kuacha sumu peke yake. Hajui kwa nini ameugua. Atasema kanyanga ya leo ilikuwa mbaya, kesho atanunua ya mama mwingine.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi kwa sababu hawajawahi kulala chini ya shitingi. Sahani ya nani? Mkimbizi hana sahani yake. Watu saba wanakula kwenye sufuria moja, watoto wakiwemo, na mjomba ambaye anakunywa kasiksi, pombe ya ndizi, kidogo tu msibani. Disulfiramu inaweza kubaki mwilini mpaka wiki mbili baada ya kidonge cha mwisho. Haitakiwi kabisa kutolewa kabla ya saa 12 kupita tangu mtu anywe, na huyu wako ananywa tangu alfajiri. Daktari akiitoa hupima kwanza moyo na ini, humweleza mgonjwa, humwandikia karatasi ya kutembea nayo. Wewe umepima nini?

Na ukishagundulika, utagundulika, umemfundisha jambo moja tu: kwamba chakula cha nyumbani kwake si salama. Mtu aliyepoteza kijiji, shamba na ng'ombe, sasa amepoteza na sufuria ya mama yake. Ataanza kula nje, kulala nje, na kunywa na wasiomtakia mema. Nimewaona wagonjwa wa namna hii. Hawarudi kirahisi, kwa sababu kila muganga anayewapa kidonge wanamwona ni mshirika wa njama ileile.

Ndugu wakishakatishwa tamaa na unga, hugeukia kamba. "Basi tutamufungia mu chumba cha maombi siku tatu, pombe itamutoka." Hapa sitakuwa mrefu, ila nitakuwa mkali. Mtu ambaye mwili wake umezoea pombe kila siku, akikatiwa ghafla, huanza kutetemeka ndani ya saa 6 hadi 24. Katika siku mbili za kwanza anaweza kushikwa na degedege. Kati ya siku ya pili na ya nne anaweza kuchanganyikiwa, kutoka jasho, kupata homa, kuona wadudu na watu ambao hawapo. Zamani, kabla ya matibabu ya sasa, hali hiyo iliua mpaka mgonjwa mmoja kati ya watatu. Kwenye chumba cha maombi huitwa pepo, na pepo hukemewa huku mtu akifa kwa ugonjwa unaotulizwa na diazepamu, dawa iliyo kwenye orodha ya dawa za lazima. Ombeni, hakuna anayewakataza. Lakini mfungueni, na mumpeleke kwa muganga akiwa bado anatembea.

"Kwa muganga gani?" Hilo sasa ndilo swali sahihi, na nalingojea kila siku.

Hospitali ya magonjwa ya akili inayojulikana zaidi kwetu, Tulizo Letu ya mabruda wa Frères de la Charité, iko Goma. Masisi-centre ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, Goma ikafuata mwisho wa mwezi huohuo na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Walikale-centre ilichukuliwa Machi, wapiganaji wakaondoka mwanzoni mwa Aprili. Mwezi Februari kambi kubwa zilizozunguka Goma zilivunjwa, na watu wengi walioambiwa warudi makwao hawakukuta paa. Wako kwenye shule, makanisani, kwa familia za kuwapokea, kwenye vibanda vya wachimbaji Rubaya na Mubi. Kumwambia mtu wa Pinga amlete mgonjwa Goma ni kumwambia apite kwenye vizuizi vya watu wenye bunduki akiwa na mtu anayetetemeka. Kwa hiyo matibabu lazima yamfuate alipo, na chombo kinachofika huko mara nyingi kuliko gari ni simu.

Wengi wakisikia "matibabu kwa simu" wanafikiri nitawatajia jina la dawa wakanunue kwa mwenye meza sokoni. Sivyo. Kwenye simu kunakuwa na watu watatu. Wa kwanza ni mgonjwa. Wa pili ni muganga wa kituo cha afya au reko, yaani mhudumu wa afya wa jamii, aliyeketi naye, anayemshika mkono na kumpima presha. Wa tatu ni mtaalamu aliye mbali. Kazi yangu ni kumwongoza yule wa pili. Bila mtu wa pili, simu yangu ni maneno matupu.

Nikupe mfano. Muganga mmoja kule Walikale, mwaminifu sana, alinipigia asubuhi moja kuhusu mchimbaji aliyetaka kuacha lotoko, pombe kali nyingine ya kienyeji. Niliuliza kama mikono inatetemeka. Akasema haioni ikitetemeka. Nikamwomba amwambie anyooshe mikono mbele, vidole wazi, kisha aweke juu yake karatasi moja ya daftari. Kimya kidogo, halafu nikasikia: "Dokta, karatasi inacheza." Karatasi ile ilituambia kwamba huyu asikatiwe ghafla na asirudi kulala peke yake mgodini. Tulikubaliana dozi ya diazepamu na sindano ya vitamini B1, alale kituoni siku tano, muganga ahesabu presha na jasho kila baada ya saa chache na kunisomea kwenye daftari. Hakushikwa na degedege. Vifaa vilikuwa karatasi, saa na daftari.

Njia hii haikuanza na mimi. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani na UNHCR walitoa mwongozo wa kutibu magonjwa ya akili katika dharura, na ulevi umo ndani yake, umeandikwa kwa muganga wa kawaida. Kenya, utafiti uliochapishwa mwaka 2020 uliwafuatilia watu 300 waliokuwa na shida ya pombe. Waliozungumza kwa simu na mhudumu wa afya, mazungumzo ya kumsaidia mtu aone mwenyewe sababu zake za kubadilika, baada ya mwezi walikuwa wamepunguza kuliko waliokuwa bado wanasubiri, na hawakutofautiana na waliozungumza naye ana kwa ana. Goa, huko India, watu wasio madaktari walifundishwa kutoa ushauri wa vikao visivyozidi vinne kwa wanaume wenye ulevi wa kudhuru. Baada ya miezi mitatu, waliotoka kwenye hatari walikuwa 36 katika 100, dhidi ya 26 kati ya wale waliopata huduma ya kawaida. Si muujiza. Lakini hakuna unga wa kwenye plastiki uliowahi kupimwa ukafika hapo.

Watu wale wa Kenya, hata hivyo, walikuwa na makazi. Hapa kwetu simu ni ya watu wanne, chaji ni ya kulipia, na mgonjwa wa Jumatatu anaweza kuwa amekimbia Alhamisi. Hayo hayazuii kazi, yanabadilisha namna ya kuifanya. Haya sasa ya kufanya, kwa haraka:

Kwanza, pima. Mwulize kama anakunywa asubuhi ili mikono itulie, na kama amewahi kuanguka degedege alipokosa pombe. Tumia karatasi. Jibu likiwa ndiyo kwa lolote, asiache ghafla. Aende kituo cha afya, na kukiwa na homa, degedege au kuchanganyikiwa, aende hospitali kuu iliyo karibu, iwe Masisi, Mweso au Walikale, siku hiyohiyo.

Pili, kama karatasi haichezi na hajawahi kushikwa na degedege, anaweza kuacha nyumbani, akinywa maji, akila, na mtu akilala karibu naye siku nne za mwanzo.

Tatu, kama mwili wake umezoea pombe na dawa haipatikani, apunguze polepole. Apime kwa kikombe kimoja kilekile, ateremke sehemu moja ya kumi kila siku nne, na atoke kwenye kanyanga aende kwenye kasiksi, yenye nguvu ndogo. Akianza kutetemeka, asimame hapo alipo, asirudi juu wala asiendelee kushuka mpaka atulie.

Nne, diazepamu ikae kwa muganga. Itolewe dozi ya siku kwa siku, kwa siku chache. Ukimkabidhi pakiti nzima umempa ulevi wa pili, na akichanganya na pombe anaweza kuacha kupumua.

Tano, simu iwe ya kituo, na anayepiga awe ni sisi. Mgonjwa asitafute yunite. Siku iwe ileile kila wiki, siku ya soko inafaa, dakika 15 zinatosha. Asisikilizishwe kwa sauti ya juu mbele za watu.

Sita, usiandike jina. Kadi yenye namba inatosha, aende nayo akikimbia, na kituo chochote atakachofikia kipige namba iliyo nyuma yake. Usimwulize yuko upande gani, wala usikubali mtu mwenye bunduki akae kwenye mazungumzo.

Saba, achague shahidi mmoja: mke, dada, mzee wa kanisa. Shahidi ndiye anayemwona kila siku, mimi simwoni. Hata disulfiramu, ikipatikana, ikipimwa na ikikubaliwa, hufaa mbele ya shahidi.

Nane, siku ya malipo ya mgodini ndiyo siku ya kuanguka. Fedha zipite kwa shahidi kwanza.

Tisa, msimpige mama anayepika kanyanga. Mara nyingi ni mkimbizi mwenye watoto na hana biashara nyingine, na mara nyingi naye anakunywa na hakuna anayemwuliza. Mpimeni kama wengine.

Kumi, akirudia kunywa, apige kwa simu ya kituo siku hiyo, asingoje wiki. Kurudia ni sehemu ya ugonjwa huu, na anayepiga siku ya kwanza huwa bado hajaanguka mbali.

Kwa waganga wenzangu na viongozi wa maeneo ya afya ya Masisi, Mweso, Kirotshe, Walikale, Pinga na Itebero nina ombi moja. Mnapoagiza dawa, msisahau diazepamu na vitamini B1, na mnapopanga bajeti, wekeni yunite za simu mstari mmoja na dawa. Kituo chenye diazepamu lakini hakiwezi kupiga simu kinabaki na dawa ambayo muganga anaogopa kuitumia.

Na kwa mama, dada au mke anayetaka kunipigia: najua umechoka, na najua unga ule unauzwa kwa sababu hakuna aliyekupa kitu kingine. Usiununue. Kesho alfajiri, kabla hajatoka kutafuta kikombe cha kwanza, mwambie wazi kwamba unataka apone, kisha mwombe anyooshe mikono na umwekee karatasi juu yake. Mwache aione mwenyewe. Halafu nendeni wote wawili kituo cha afya, mwambieni muganga mlichokiona, naye atanipigia.